Mashine Mpya na Kopo la Majarini

Leo nimefedheheka, tena mubashara, mbele ya mameneja. Nawaandikia nikiwa nimekaa kitandani na buti za kazi, sijavua hata soksi. Someni kimyakimya, na msicheke.

Kwa msionijua, mimi ni Mama Kulwa wa Katoro. Nafanya kazi kwenye kampuni inayopima vyuma vya migodini. Hatukati, hatutoboi. Tunaweka kichwa cha mashine juu ya bomba, kinapeleka mawimbi ndani ya chuma, na yakirudi tunajua chuma kimebaki kinene kiasi gani na kama kina ufa. Ni altrasaundi ileile ya kliniki, ila mjamzito wetu ni bomba. (Na halina kichefuchefu.)

Zamani kazi hii ilikuwa mateso. Unapima, unapayuka namba, mwenzako anaandika kwenye karatasi yenye tope, mvua inashuka, namba zinayeyuka. Picha za mionzi zinapanda basi kwenda Dar. Majibu yakirudi, bomba limeshatoboka, limeshazibwa, na watu wameshasahau.

Sasa imekuja mashine mpya. Jamani! Mimi nimezaa mapacha, lakini ile mashine nilivyoiona mara ya kwanza nilitaka kuibeba mgongoni. Unatelezesha kichwa juu ya bomba, na kwenye kishikwambi inajichora ramani ya chuma kwa rangi. Kijani ni salama. Njano ni jihadhari. Nyekundu ni kimbia. Kofia yako ina kamera, na kila unachopima na kuona kinafika Mwanza papo hapo kwa Injinia Pendo, binti mdogo mwenye akili za kutisha. Anakagua yeye, na programu ya kompyuta inakagua pamoja naye. Hakuna kusubiri basi.

Leo ilikuwa siku ya kuionyesha kwenye mtambo mmoja wa kuchenjua dhahabu. (Mgodi siutaji, nina watoto wa kusomesha.) Meneja wa mtambo alishatamka: ikimridhisha, mashine inabaki na mimi ndiye mwendeshaji wake. Isipomridhisha, inarudi Dar, na mimi narudi kusugua kutu kwa brashi ya waya. Nimesugua kutu miaka mingi, mabega yangu ni mashahidi. Niliitaka hiyo kazi mpaka usingizi ukanikataa.

Sasa sikilizeni habari ya jeli. Bila jeli mawimbi hayaingii kwenye chuma, kwa hiyo unapaka jeli kwanza, ndipo unapima. Kule stoo jeli huazimwa na hairudi, kama vijiko vya msibani. Kwa hiyo jana nikachota yangu kwenye kopo la majarini, nikaenda nalo nyumbani. Nyumba gani ya Tanzania haina makopo ya majarini? Mimi ninayo ya chumvi, ya vifungo, ya sindano, na moja lina majarini kweli.

Asubuhi nikapika mlenda wa karanga, ile mboga ya kuteleza, kwa ajili ya mama mkwe, aliyetoka Kharumwa kututembelea. Anaupenda mno. Nikauacha upoe, nikautia kwenye kopo lingine, nikaliweka mezani kando ya lile la jeli. (Mmeshaanza kuelewa. Nimesema msicheke.) Bodaboda akapiga honi nje. Nikachukua kopo, nikatumbukiza kwenye begi, nikaaga, nikatoka mbio.

Tukafika. Mameneja wameketi chumba cha mikutano mbele ya kioo kikubwa, wananitazama mubashara. Mimi niko juu ya jukwaa la vyuma, mbele yangu bomba nene linalopitisha maji ya sayanaidi, sumu ya kuchenjulia dhahabu. Chini yangu yuko Masanja, afisa usalama, mtu mmoja makini kupita kiasi. Huyu hata ukipiga chafya anakuuliza umeripoti kwa nani.

"Mama Kulwa, shikamoo. Tunakuona vizuri sana," Injinia Pendo akasema sikioni mwangu kutoka Mwanza, kwa spika ya kofia.

"Marahaba, mwanangu. Tuanze."

Hapo ndipo kiburi kikanipanda. Nikajua meneja ananitazama. Nikatoa kopo, nikafungua kifuniko, nikachovya brashi bila hata kuangalia, macho yote kwenye kishikwambi. Nikatangaza kwa sauti ya mtu mwenye shahada tatu: "Mtaalamu haangalii mikono yake. Mtaalamu anaangalia kioo!"

Nikapaka. Nikapaka kwa ukarimu. Harufu ya karanga niliisikia, Mungu ni shahidi, nikadhani mafundi wa chini wanakula. Glovu zangu ni nene, sikuhisi chochote. Nikaweka kichwa cha mashine, nikatelezesha. Ramani ikaanza kujichora, nzuri, laini, inapendeza. Moyo ukajaa.

Pendo akasogeza karibu picha ya kamera yangu. Kisha akasema, "Mama Kulwa, samahani. Hicho cha kijani kinachochuruzika ni nini?"

"Kijani ni salama," nikamjibu, bado niko kwenye kioo.

"Siyo kwenye ramani, mama. Kwenye bomba."

Kabla sijashusha macho, kishikwambi kikalia. Programu ilikuwa imeuona ule uteute wa kijani unaning'inia chini ya bomba la sayanaidi, ikauzungushia mstari mwekundu na kuandika: UVUJAJI. Ikaandika hivyo kwangu, ikaandika Mwanza, ikaandika kwenye kioo kikubwa cha mameneja. Ndani ya kufumba na kufumbua! Mimi ningechukua nusu saa kuligundua hilo, na ningeanza kwa kumlaumu mwenzangu.

Masanja naye alikuwa na kishikwambi chake. Hakuuliza. Alivuta king'ora.

Wenzangu, mmewahi kusikia king'ora cha mgodi? Watu wakatoka kila mlango. Mafundi, wapishi, wahasibu wenye viatu vya kuchongoka, wote mbio kwenda uwanja wa kukusanyikia. Mimi nikashuka lile jukwaa sijui kwa miguu gani. Nikamwona meneja mwenyewe anakimbia ameshika tai. Nikajisemea, kwaheri mashine, karibu brashi ya waya.

Kikosi cha dharura kikafika. Nguo nyeupe kuanzia utosini mpaka kidoleni, barakoa, mitungi mgongoni. Sisi wote tumesimama uwanjani, tunatazama kwa mbali. Wakapanda jukwaani polepole. Mmoja akapima hewa. Akapima tena. Akachukua kidogo kwa kijiti, akakiinua juu. Kikavutika. Kikaendelea kuvutika. Hapo mimi moyoni nikaujua. Ule uvutikaji naujua, nimeupika kwa mkono wangu.

Yule wa kikosi akavua barakoa, akanusa, akageuka kuelekea kwetu na kupaza sauti:

"Haina sumu! Ila ina karanga!"

Watu wote uwanjani wakatazamana. Nikatamani ardhi ipasuke. (Huku kwetu migodini huwa inapasuka kweli, lakini siku unapoihitaji inatulia.)

Na hapo hapo simu yangu ikaita. Mama mkwe. Simu yangu sehemu ya sikioni ilishakufa, inaongea kwa kipaza sauti tu. Nisipopokea, atapiga mpaka kesho. Nikapokea.

"Mama Kulwa!" Sauti ikaenea uwanja mzima. "Mlenda gani huu umeniachia? Hauna chumvi, hauna karanga, unang'aa tu kama kioo!"

"Mama! Umekula?"

"Nimelamba kidogo nikatema. Nikawamwagia kuku. Gete, kweli kabisa, hata kuku wamekataa!"

Masanja, yule Masanja asiyecheka hata harusini, akakaa chini kabisa kwenye vumbi, akashika mbavu. Baada ya hapo sikuweza tena kumtofautisha meneja na mpishi. Wote walikuwa wamepinda. Nilimwelekeza mama mkwe asiguse tena lile kopo, anywe maji mengi, halafu nikakata simu nikaanza kulia. Ndiyo, nililia. Nilijua kazi imekwenda.

"Mama Kulwa, usilie," Pendo akaniita sikioni. Naye alikuwa anajizuia kucheka. "Mwambie meneja arudi kwenye kioo. Nawe nenda. Kuna kitu nataka mkione."

Tukarudi. Pendo akaikuza ile ramani niliyoichora kabla ya balaa. Mawimbi yalikuwa yamepenya kwenye mlenda vizuri kabisa. (Mlenda hauna makuu, unateleza popote.) Bomba lote kijani, lakini pale kwenye kona, upande wa chini usioonekana kwa macho, kulikuwa na doa jekundu ukubwa wa kiganja, lililojichora wakati kishikwambi kinalia na mimi nimeshusha macho. Chuma kilikuwa kimeliwa kutoka ndani, kimebaki chembamba kama sufuria ya geto la vijana.

"Hapo pangetoboka," Pendo akasema. "Na king'ora kingelia kwa sayanaidi ya kweli."

Hakuna aliyecheka tena. Meneja aliliangalia lile doa muda mrefu. Watu wake hupita chini ya ile kona kila siku wakienda kula. Akaagiza bomba lifungwe na kipande kile kibadilishwe leo leo. Kisha akanigeukia.

"Mashine inabaki," akasema. "Na wewe unabaki nayo. Lakini chakula, mama, chakula kiishie kantini."

Nikafuta machozi. Nimeipenda hii kazi tangu enzi za karatasi zenye tope, ila leo ndiyo nimeiheshimu. Mashine imeona kutoka nje, imeona mpaka ndani ya chuma, na binti aliye ng'ambo ya ziwa ameona pamoja nami. Ingekuwa zamani, lile doa lingekuwa bado linasubiri picha ipande basi.

Lakini Pendo hakuniacha hivihivi. Kabla hajaaga akanieleza kwamba programu hujifunza kutokana na makosa yake, kwa hiyo ameshaifundisha ili isije ikapiga kelele tena bure. Akanionyesha orodha ya vitu inavyovitambua. Kutu. Ufa. Uvujaji. Mlenda. Nikamwomba aufute. Akasema haiwezekani, mfumo umeshasambaza kwenye mashine zote za kampuni, nchi zote.

Jioni hii natoka getini, mlinzi akasimama wima, akanipigia saluti: "Injinia Mlenda, shikamoo!"

Nimeitika marahaba. Mashine si ninayo?