Kuhusu Gari Langu Kunyimwa Stika kwa Kusita Kwenye Sitini

Mheshimiwa Mkuu wa Ukaguzi wa Magari,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, na ikiwezekana umeshakunywa chai, maana ina mambo.

Mimi ni mtu wa makamo, mwenye lile gari kuukuu la kijivu ambalo mkaguzi wako alilinyima stika Jumanne. Kwenye fomu aliandika: "Injini inasita kwenye mwendo tulivu wa sitini." Sibishi. Kuondoka linaondoka vizuri, mlima linapanda, lakini likishatulia kwenye sitini hushtuka kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha jiko linawaka. Shida ni kwamba Jumamosi binti yangu wa pekee anaolewa, na tangu akiwa darasa la pili nilimwahidi kuwa nitampeleka mwenyewe, kwa gari hili hili. Bila stika atapelekwa na shemeji yangu, mtu anayechezesha ufunguo wa gari lake jipya kidoleni hata akiwa msibani.

Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Kipimo hakikuwa cha haki. Niliendesha mimi, mkaguzi akakaa nyuma, na binti yangu kiti cha mbele, akiongea kwa simu na mshona gauni. Ubaya wa mpangilio huo nitaueleza.

2. Fundi wangu ameshabadilisha plagi na waya zake, chujio la mafuta na pampu, na kabureta ameiosha mara mbili. Bado linasita. "Mzee," akaniambia, "hapa nimebakiza kubadilisha rangi tu."

3. Nikaamua kuchunguza mwenyewe, kwa daftari. Nikiwa peke yangu: halisiti. Nikiwa na mama mkwe, akinisema kuhusu kitambi changu kilomita kumi na mbili mfululizo: halisiti. Nikiwa na binti, akitaja ukumbi: mara mbili. Akitaja maua: mara moja. Alipotaja nyumba watakayohamia, mwendo wa saa sita kutoka kwetu, nusura lizime katikati ya barabara. Jibu la kitaalamu ni moja: petroli ya siku hizi haivumilii habari za harusi.

4. Naomba basi viwekwe vibao kwenye barabara zote, vyenye picha ya bibi harusi iliyokatwa kwa mstari mwekundu, ili abiria wajue pa kunyamaza.

5. Na kwa kuwa Jumamosi hakuna atakayenyamaza, naomba idara yako iahirishe harusi zote nchini, kuanzia hii ya kwetu, hadi gari lipone. Miaka kumi itatosha. Bwana harusi ni daktari wa meno, kijana mpole. Kazi yake yenyewe ni kuwaambia watu wavumilie kidogo.

Wasalimie wote hapo ofisini, na yule mama wa mapokezi aliyenipa kiti. Mkaguzi naye mpe salamu. Mwambie mwavuli aliousahau garini uko kwangu, salama.

Mtiifu wako hadi kwenye hamsini na tisa,
Baba wa bibi harusi

N.B. Nilipokuwa natafuta gundi ya bahasha, binti alilichukua gari bila kuniaga, akampelekea mkaguzi. Ameendesha sitini kwenda na kurudi, akimsimulia harusi njia nzima, na halikusita hata mara moja. Stika ameshabandika. Anasema wiki tatu hizi amekuwa akinitazama miguuni: kila akitaja Jumamosi, mguu wangu wa kulia unaachia pedali ya mafuta. "Baba, injini ni nzima kabisa. Mguu wako ndio hautaki kufika." Nikamwambia ni viatu. Alinikumbatia tu, pale pale mlangoni, na ufunguo mkononi.

Tumekubaliana ataendesha yeye, na gauni lake, mimi nikae pembeni nimshikie shela isinaswe na gia. Stempu nilishabandika, kwa hiyo barua naituma, tafadhali ichane. Ila ule ukurasa wenye ombi la tano, kama hutajali, uuchane mwisho.