Pajama ya Dot na Kupe wa Noeleen

Jumatatu, 6 Oktoba

Nina hasira. Nilikuwa barazani na chai yangu, sina neno na mtu, mara Noeleen akachungulia juu ya ua. Jirani asiye na haya. Akauliza kama Dot ameshapewa kidonge cha kupe, maana mvua imenyesha na joto limeanza. Nikamwambia mbwa wangu halishwi sumu. Akasema basi nimpapase kila jioni, puani hadi mkiani, manyoya kinyume, na kwanza nimvue mkanda wa shingoni. Eti kupe wa pwani hii hawanyonyi damu tu, wanapoozesha. Ananiambia mimi, niliyezaliwa mtaa huu!

Mkanda hauvuliwi. Una utepe wa buluu wa ushindi kwenye maonyesho ya mwaka jana, shindano la mbwa kuruka, Dot aliporuka ukuta wa mbao uliosimamishwa nyuma ya pikapu na kumwacha Tiger, mbwa wa Noeleen, akining'inia katikati kama shati kwenye kamba. Maonyesho mengine ni Jumamosi hii. Najua anachotaka yule mama. Anataka Dot alegezwe na vidonge.

Jumanne, 7 Oktoba

Kupe wanaletwa na bandikuti, wale wanyama wa porini wanaofanana na panya wakubwa, hilo kila mtu analijua. Na bandikuti wanalala kwenye kichaka cha Noeleen. Giza likiingia wanakuja kwangu kufukua nyasi kwa zile pua zao ndefu. Nilimwambia akikate kichaka. Akasema wanyama hao walikuwepo kabla yangu na wana adabu kunizidi. Haya. Jana nikaacha redio bustanini, matangazo ya kriketi, sauti hadi mwisho. Hakuna kiumbe mwenye akili atakayevumilia.

Leo asubuhi mashimo yameizunguka redio pande zote. Wameipenda. Aliyekosa usingizi ni Noeleen. Si hasara tupu.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimepata jibu. Nimekata pajama yangu ya flana na kumshonea Dot suti, miguu yote minne. Shingoni nimeibana kwa ule mkanda wake, utepe ukiwa nje uonekane. Kupe atapita wapi?

Kabla ya kumvisha nilimpapasa, nisije nikalaumiwa. Nikapata kupe mmoja sikioni. Nikamng'oa, nikamtia kwenye chupa ya jemu, nikaenda kumwonyesha Noeleen. Hata hongera hakunipa. Akasema, ukimpata mmoja, tafuta wa pili. Wivu huo. Kupe mmoja, chupa moja, kazi imekwisha.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sauti ya Dot inakwaruza. Amembwekea mleta barua kama bawaba isiyotiwa mafuta. Ni mafua tu, flana ina joto. Nikampa supu, akaitapika. Jioni nikampeleka kwenye ukuta wa mbao niliomjengea bustanini kufanya mazoezi, akakataa kuruka. Miguu ya nyuma inayumba. Suruali ni ndefu, anajikwaa. Nimeikunja mara mbili.

Noeleen aliita kutoka kwake akiuliza ni mbwa gani anayebweka vile. Nikajibu kwamba hayamhusu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Noeleen alikuja asubuhi. Hakupitia getini. Aling'oa mbao mbili za ua wangu akapita. Akasema mlio ule anaujua, alimzika Pepper, mbwa wake wa zamani, kwa mlio uleule. Dot alikuwa amelala ubavu, miguu ya nyuma imekufa ganzi, anapumua kwa shida, ananitazama. Noeleen akachana pajama kwa mkasi wa jikoni, akafungua mkanda. Chini ya utepe wa buluu alikuwepo kupe, amevimba kama zabibu.

Aliyeendesha gari hadi kliniki ni yeye. Mimi nilianza kueleza habari ya flana. Akasema, "Nyamaza, Clarrie. Mshike kichwa asisakamwe na mate."

Daktari Priya, wa mifugo, amempa dawa ya kupambana na sumu ya kupe. Amesema tumechelewa kidogo, na kwamba mbwa wa hali ile hapewi hata maji, sembuse supu. Hawezi kuniahidi kitu.

Namchukia kupe yule. Nauchukia utepe. Naichukia pajama na duka lililoniuzia. Nilitokwa na machozi garini, nikamwambia Noeleen ni vumbi. Akafunga dirisha. Nyumba haina mlio wa kucha sakafuni. Sijui nikae chumba gani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Siku ya maonyesho. Nimeshinda kliniki kwenye kiti cha plastiki. Saa moja asubuhi akaingia Noeleen na sandwichi za mayai. Nikamuuliza mbona hayuko uwanjani, Tiger angeshinda bila jasho. Akasema ushindi gani huo, bila Dot. Nimekasirika mno. Sasa itabidi nimshukuru, na yeye anajua.

Mchana daktari alitoka akituita. Dot ameinua kichwa. Aliponiona akatikisa mkia. Vumbi tena.

Jumatano, 29 Oktoba

Dot anaruka kama zamani. Tangu arudi nyumbani hajapata kupe hata mmoja, na sifa zote ni za Pajama Namba Mbili, yenye zipu. Nilimwita Noeleen aje ajionee mwenyewe. Akacheka hadi akashika ua. Akasema siku ile Dot aliporuhusiwa, yeye na daktari walimpa kidonge ndani ya soseji, mimi nikiwa msalani.

Msalani! Jaribio langu lote limeharibiwa. Nitajuaje sasa kama ni pajama au ni kidonge? Nimempigia daktari simu anieleze nguvu ya dawa inakwisha lini. Akanitajia siku, kisha akashusha pumzi ndefu. Siku hiyohiyo naanza upya, pajama peke yake, bila mtu kuniingilia. Nimeizungushia duara kwenye kalenda.

Noeleen aliuliza ni tarehe ngapi hasa. Nikamtajia. Akaiandika kiganjani kwa kalamu, polepole, akaniuliza kama Dot hupenda soseji za ng'ombe au za kondoo. Za kondoo, nikamwambia. Hatimaye yule mama ameanza kuheshimu utafiti wangu.