Bibi, Rudi Ulale Kitandani Upya

Mtanda, Lindi

Kwa Bi Batuli, bibi wa mume wangu na mke mwenzangu,
Songo Mnara, Kilwa

YAH: MALALAMIKO KUHUSU GEMU ULIYOONDOKA NAYO SIKU YA HARUSI YANGU

Na neno lenyewe, Bibi, ndilo nililokuwa nalifikia simu ilipokatika. Wewe ulisema, "Ngoja nipande kidogo, hapa mtandao unakuja na kuondoka," mimi nikasema, "Usipande, nisikilize kwanza," kisha kukawa kimya. Basi naendelea kwa kalamu, maana kalamu haiishiwi chaji.

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako Majid, mume wangu (nikiandika maneno hayo mawili najikuta natabasamu peke yangu jikoni), ni mzima, anakula vizuri na mashavu yameanza kujaa. Akitoka kuoga na msuli wake wa kijani huwa nasahau nilichokuwa nakitafuta kabatini. Hilo si lalamiko. Malalamiko yanakuja.

Najua miwani yako imevunjika mkono na barua hii utasomewa na jirani yako Bakary. Bakary, soma polepole na usicheke. Ili nawe uelewe, naanza mwanzo.

Siku niliyoingizwa chumbani, Bibi alikuwa amelala kitandani kwetu, amejifunika shuka gubigubi, akisema haondoki mpaka mume wake Majid amlipe ada, kwa kuwa yeye ndiye aliyemlea na mimi nimekuja juzi. Hiyo ni mila, nami siilalamikii mila. Majid akampa doti ya khanga, akaisukuma kwa mguu. Akampa marashi, akanusa, akasema yatamfaa maiti. Halafu akatoa kidole nje ya shuka, akakielekeza kwenye mfuko wa kanzu ya bwana harusi: "Nataka hicho."

Hicho kilikuwa gemu ya mkononi ambayo Majid aliinunua wiki ile ile ya harusi. Aliniambia amepata furaha mbili kwa mpigo, nikamsamehe kwa vile alinitaja mimi wa kwanza. Wanawake waliojaa mlangoni wakapiga vigelegele, naye akaitoa, akidhani ni utani na asubuhi itarudi. Asubuhi Bibi alikuwa amekwishaondoka kuelekea Kilwa Masoko kupanda boti, na gemu imo kifuani mwake.

Gemu yenyewe, Bakary, ni ya Mwokaji na Beberu. Beberu, mbuzi mwenye ndevu, anaiba mikate, Mwokaji anamfuata nyumba hadi nyumba. Anaruka, anapanda ngazi, anabeba funguo, anabonyeza vitufe vinavyoondoa daraja hapa na kuleta daraja pale, mpaka mlango ufunguke. Inataka akili kuliko vidole. Bibi na Majid waligombana juu yao tangu zamani, kwenye ile mashine ya gemu ya kaseti iliyounganishwa na televisheni ndogo ya marehemu Babu, iliyokuwa ikitumia betri ya gari. Majid akiwa mtoto alishika upande wa Mwokaji na Bibi alishika upande wa Beberu. Mashine ikaliwa na chumvi, ugomvi ukalala. Sasa watengenezaji wameuamsha upya, Beberu amerudi na ndevu ndefu kuliko zamani, na hawa wawili wamerudi naye.

Sasa malalamiko.

1. Sakafu yangu. Kila jioni unapiga simu kusema umekwama, na Majid anachukua chaki, anapiga magoti na kuichora nyumba ya Beberu yote kwenye saruji ya sebule yangu ili akuelekeze. Kuna ngazi chini ya meza. Kuna mlango mbele ya mtungi. Juzi jirani yetu Maimuna alikuja kunipongeza kwa ndoa, akaona michoro ile, akadhani ni kinga ya uchawi iliyowekwa na ukoo wa mume. Aliondoka bila kumaliza chai. Sikumsahihisha, maana tangu siku hiyo haji tena kuazima chumvi, lakini bado ni lalamiko.

2. Maneno. Najua bibi na mjukuu ni watani na kuitana mume na mke ni jambo la kawaida. Lakini sauti, Bibi! "Mke wangu, usiruke hapo. Mke wangu, taratibu, rudi na ufunguo." Wakati huo huo mimi naambiwa, "Sauda, sogea kidogo, umekalia daraja." Mimi nina cheti cha nikaha. Na mimi ningependa siku moja niambiwe usiruke kwa sauti ile.

3. Kicheko. Gemu inakupa umwongoze Mwokaji, lakini wewe unamchelewesha makusudi ili Beberu ale. Majid alikwambia, "Bibi, mlango haufunguki kwa kumhurumia mwizi." Ukamjibu, "Mwenye njaa hakimbizwi. Na wewe nilikuhurumia, ulipokuwa unalamba sukari yangu kabatini." Majid akacheka mpaka akajifuta macho kwa khanga yangu. Bibi, mimi kicheko kile sijawahi kukitoa kwake. Nimejaribu. Nimemwigiza fundi cherehani wa hapa mtaani anavyopima watu bila kuwagusa, akacheka vizuri tu, lakini hakufika kule. Sioni haki mbuzi wa kwenye kioo anishinde mimi niliyefunzwa na kuchezwa unyago.

Isitoshe huko kuchelewa kwako kunaharibu mambo. Mimi michezo hii siijui, lakini hata mtu asiyejua kitu anaona kwamba kwenye jumba la saa kitufe chekundu hakibonyezwi mpaka sinia la mikate limefika chini, vinginevyo ngazi ya kushoto inajikunja na mtu anaanza upya.

4. Sola. Kipande cha sola ulicho nacho kinachaji kitu kimoja kwa siku. Unachaji gemu. Kuna siku simu inazimika kabisa. Sisi huku tunapiga, tunaambiwa namba haipatikani. Majid anakwenda kibandani kwake kutengeneza simu za watu, huku mkono mmoja ukipiga yako. Wiki iliyopita alimrudishia mteja simu ya mteja mwingine, na yule bwana akazungumza na shemeji asiye wake kwa muda mrefu kabla ya mmoja wao kushtuka.

5. Ngazi. Hili naliandika bila utani.

Bakary ndiye aliyetueleza mtandao unaupata wapi. Unakwenda magofuni, unapanda ile ngazi ya mawe inayokwenda juu na kuishia hewani, unakaa kwenye kidato cha mwisho, gemu mapajani na simu sikioni. Bibi, ngazi ile haina pa kushika. Mawe yake yanateleza hata miguu ya vijana. Na wewe goti lako la kulia tunalijua wote.

Siku simu ilipokatika, neno lako la mwisho lilikuwa "ngoja nipande kidogo." Baada ya hapo hukupatikana, siku ile wala kesho yake. Majid hakula. Alipanga nguo kwenye begi, akazitoa, akazipanga. Alitaka kuja hivyo hivyo, na Masoko walikuwa wamezuia boti kwa ajili ya upepo. Nilimshika shati. Ndipo Bakary, Mungu ambariki, akapiga simu kutoka Masoko akasema, "Bibi yenu yuko salama, nimemwacha anakula viazi. Chaji yote amepewa Beberu."

Majid alisema alhamdulillahi, akaingia bafuni, maji yakamwagika muda mrefu. Akatoka na macho mekundu, akasema ni sabuni. Mimi nilimpenda siku ya kwanza alipoifungua simu yangu na kuipuliza vumbi kama mtu anayepuliza jicho la mtoto. Lakini siku ile ya sabuni nilimpenda mpaka nikaogopa. Huyu mtu hana mama, Bibi. Ana wewe, na wewe unakaa kwenye ngazi isiyo na mwisho.

Tumekuomba mara ngapi uje ukae nasi? Kila mara unajibu, "Nyumba moja haina wake wawili," watu wanacheka, nami nacheka, na neno linapita. Sasa nimeacha kucheka, nimeanza kufikiri. Na nilipofikiri niligundua jambo ambalo halikupendelei.

Ada hulipwa ili bibi atoke kitandani. Ada yako ilikuwa gemu. Lakini gemu ile ilikuwa na moyo wa Majid ndani yake, na kila jioni inauvuta. Mwenye moyo wa mume hajatoka kitandani. Kwa hiyo wewe, Bibi, hujatoka. Uko Songo Mnara kwa mwili, lakini kwa mujibu wa mila bado umelala kwetu umejifunika shuka, na ni kulala kwa namna mbaya kabisa, kwa sababu hatukuoni, hatukupi chai, na hatuwezi kukugeuza upande. Nilimpelekea hoja hii somo wangu, Bi Umi, aliyenifunza mambo yote ya ndoa. Alitafuna mdomo kwa muda, akasema, "Mwanangu, tangu nianze kazi hii sijasikia kitu kama hicho, lakini tundu silioni."

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba yafuatayo:

Kwanza, urudi Mtanda pamoja na gemu.

Pili, ulale kitandani kwetu upya, ujifunike kichwa kama mara ya kwanza, nasi tukulipe ada iliyo halali. Khanga nyingine ipo, ya rangi ya zambarau, na marashi tumebadilisha.

Tatu, ukiikataa khanga, kama ilivyo haki yako, uendelee kulala. Mila haisemi bibi alale mpaka lini. Unaweza kulala mwaka. Unaweza kulala miaka kumi. Uji utaletwa hapo hapo. Sisi tuna mkeka, na mimi mkeka nikiwa na Majid nauona mpana kuliko uwanja wa mpira. Kitanda kipo karibu na dirisha, mtandao umejaa, na soketi ya umeme iko upande wa mto wako. Utachaji simu na gemu kwa pamoja.

Nne, ngazi pekee utakayoipanda katika nyumba hii iwe ya chaki.

Natarajia majibu yako kwa barua au kwa mdomo wa Bakary, wala si kutoka juu ya mawe. Ukinyamaza nitahesabu umekubali, na nitatandika shuka.

Nisalimie Bakary na nyumba yake, wanawake wa kisimani walionichezea harusini, mwalimu wa madrasa, na mbuzi wako wote, hata yule dume aliyekula kamba yake mwenyewe. Majid angekusalimu, ila hajui kama naandika.

Ni mimi, nikuheshimuye na kukuonea wivu,
Sauda,
mke mdogo.

N.B. Bakary, hapa punguza sauti, na mtoto kama yupo mtume dukani.

Bibi, mume wetu ni mpole na ni mzuri wa sura, lakini katika gemu ana haraka. Jumba la saa lilikuwa jibu langu. Daraja la taa, langu pia. Yeye hushika simu, mimi husimama nyuma yake na kipande cha chaki na kumnong'oneza, naye hukwambia, "Mke wangu, fanya hivi." Ndiyo maana wakati mwingine anakawia kujibu. Kila jioni jua likianza kushuka mimi ndiye ninayefagia sakafu na kuweka chaki tayari.

Siku ile kabla ya kukatika ulikuwa umeanza kutueleza mlango wa mwisho: mizani yenye sahani mbili, mlango haufunguki mpaka Mwokaji asimame sahani moja na Beberu nyingine, na Beberu yuko juu kwenye rafu, hataki kushuka. Majid anasema Mwokaji apige kengele kwa nguvu zaidi. Jana yeye akiwa kibandani nilichora mlango ule mwenyewe, nikakaa nao mpaka wali ukaungua. Kengele si kitu. Mwokaji achukue mkate, aipande rafu mwenyewe, akae kando ya Beberu, Beberu ale. Akishiba watashuka pamoja. Kumbe ulisema kweli tangu mwanzo kuhusu mwenye njaa.

Nilipomaliza nilifuta mikono, nikaisoma barua hii upya kabla ya kuifunga. Bibi, kurasa zote hizi nimekupigia kengele. Nimekuwekea namba na nimekupa masharti kama karani. Na katika mambo aliyonifundisha Bi Umi, mojawapo ni kwamba mkubwa haitwi, mkubwa hufuatwa. Sijui neno hilo nililiweka wapi.

Basi yafute yote, isipokuwa la tano. Usifunge mzigo, usije. Gemu ni ada yako halali na khanga ya zambarau nitakupa bila wewe kulala popote. Mlango wa mwisho usiufungue bado, nataka niwepo Beberu akiingia. Mchele wa mkate wa kumimina nimekwisha kuununua, na nazi ziko mlangoni. Wewe nikute nyumbani kwako, umekaa chini, mgongo ukutani. Kabla mwezi huu haujaisha, anayepanda ni mimi.