Yah: Kutakiwa Kuhama Sebuleni Kwangu kwa Sababu ya Tangi la Samaki

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,

Kichwa cha barua umekisoma, na naomba usidhani nimekosea kuandika. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Bigwa, na hadi juzi nilikuwa na sebule.

Mwezi wa tatu nilinunua tangi la kioo nikaweka perege wanane. Maji ya bomba yanaingia humo kidogo kidogo, mchana kutwa. Ili yasifurike, nilining'iniza kisanduku ukingoni mwa tangi. Maji yakizidi yanaangukia humo, yanaingia kwenye mpira, yanapita tundu la ukutani na kutoka nje. Kosa langu ni kwamba nje ni mteremko, na chini ya mteremko kuna mchicha wa Bi Zuleha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bi Zuleha alichimba mfereji kuanzia ukutani kwangu. Niliuacha, kwa ujirani mwema.

2. Mzee Kibwana, mwenye shamba jirani na lake, naye akautaka. Kwa desturi yetu ya milimani wakagawana zamu za maji: Bi Zuleha siku ya Jumanne, Mzee Kibwana siku ya Ijumaa. Nilipofunga koki Jumanne moja ili nisugue kioo, niliitwa kikaoni nikaonywa kwa kuziba mto.

3. Sasa ipo kamati ya maji ya watu kumi na mmoja. Ilikuja kukagua chanzo, ikanikuta nimekaa kwenye kochi. Kwa kuwa mchicha umenawiri kwa kinyesi cha perege, niliagizwa niwalishe kabla ya zamu, si baada. Hilo liliniuma sana, maana mimi mwenyewe hakuna anayeniuliza nimekula saa ngapi.

4. Mzee Kibwana alikuja na futi kamba. Alikumbusha kwamba sheria inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita sitini kutoka chanzo cha maji. Kochi liko mita moja na nusu. Kitanda, mita nne. Jiko liko uani, nalo ni mita tisa tu. Nimepewa siku kumi na nne kuhama, na ilipokuwa televisheni wamepanda mgomba ndani ya ndoo, kuhifadhi mazingira.

Kwa heshima naomba ofisi yako itamke kwamba tangi langu si bonde la mto, ili mimi na perege wangu tuishi kwa amani. Ikishindikana, basi nami nipangiwe zamu ya kukaa sebuleni, hata Jumatano asubuhi tu.

Nisalimie mama watoto, wajumbe wote wa mtaa, na mjukuu wako aliyeanza shule.

Ni mimi mwananchi wako, ninayeandika nikiwa uani,

Mwl. Godfrey Mkude

Tanbihi: Barua hii niliiandika perege wakiwa hai; sasa usiifanyie kazi. Perege walikwisha Jumapili iliyopita. Kamati nzima ilikuja, tukawakaanga, tukala na ugali na mchicha. Tangi limebaki maji matupu, na ningefunga koki leo mambo yangekwisha. Lakini tangu marehemu mke wangu aondoke, hakuna aliyekuwa akibisha hodi hapa. Kesho wanakuja kukagua chanzo, na koki nimeifungulia yote.