Msimu wa Nyasi Kuzaa

"Ofisi ya Maeneo ya Kijani inawatangazia wananchi wote, wenyeji na wageni, kwamba bustani yao mpya ya mapumziko imefungwa kuanzia tarehe mosi Desemba hadi mwisho wa Februari, ili nyasi zizae kwa amani."

Tangazo hilo Ba Chiti alilitunga mwenyewe, akalisoma mara tatu kwa kipaza sauti, kisha akalibandika getini. Nani angembishia? Miaka kumi na mmoja alilinda samaki wa Ziwa Mweru miezi hiyohiyo mitatu ya kufunga ziwa ili wazae. Alipohamishiwa kwenye nyasi, alikuja na elimu yake yote: kisichofungwa huisha. Kasoro ilikuwa moja tu. Alikuwa bado kaimu ofisa, mwaka wa sita sasa, na mwisho wa Februari mkaguzi angekuja kutoka Mansa, makao makuu ya mkoa, kuamua kama athibitishwe au arudishwe kwenye mashua ya doria.

Sheria ilikuwa nyepesi. Mvuvi haramu hunyang'anywa wavu; basi mkanyaga nyasi atanyang'anywa viatu. Musonda, mlinzi, alikabidhiwa filimbi na gunia. Kufikia Jumamosi gunia lilikuwa limejaa patapata, ndala za mpira, za wavuvi waliotafuta pa kukaa.

"Ba Chiti, minaomba kuuliza," alisema Pierrette, mama Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Mantapala aliyeuza maandazi getini na sasa alikuwa akiyauza kwa nzi. "Ziwa imefungwa, watu wako bure. Sasa njo munafunga na fasi ya kupumuzikia?"

"Hasa, mama. Mtu mwenye kazi atakanyaga nyasi saa ngapi? Hatari ni huyu aliyepumzika."

"Lakini nyasi haiko samaki! Kwetu Pweto inazaa hata ngombe ikilala juu yake."

"Kwenu hapakuwa na ofisi ya kuzisimamia."

"Ofisi zilikuwa mingi, papa. Njo zile tulikimbia."

Ba Chiti aliliandika hilo kama maoni ya wadau.

Mvua ikafanya kazi yake. Januari nyasi zilifika magotini, Februari mabegani. Viti vinne vya saruji vikazama, kibao cha jina kikafuata. Katika ripoti yake aliandika: "Uzazi umevuka lengo."

Tarehe ishirini na saba mkaguzi, Bi Suwilanji, alishuka garini akatazama kushoto na kulia.

"Bustani iko wapi?"

"Ndiyo hii, mheshimiwa."

"Mimi naona pori."

"Ni bustani iliyoshiba, mheshimiwa."

"Fomu yangu ina sehemu ya viti. Nisipopata kiti, siandiki bustani. Na bila bustani, ofisa wa nini?" Akafungua kalamu. "Ingia. Ukikiona, inua mkono."

Ba Chiti alizihesabu siku mbili zilizobaki za msimu. Akaihesabu miaka sita. Akaingia. Hatua ya nne, filimbi ikalia.

"Musonda! Ni mimi!"

"Nimewaona, bwana," Musonda alijibu kwa wingi wa heshima. "Viatu, tafadhali."

"Sheria hiyo nimeiandika mimi!"

"Ndiyo, bwana. Mliandika 'yeyote'."

Barabarani wavuvi walikuwa wamesimama kwa heshima kubwa.

"Vua tu, papa," Pierrette alimtia moyo. "Sisi wote tulivua. Haiumize."

Akavua. Vilikuwa vya ngozi, vyenye kamba, kwa hiyo ilichukua muda.

Bi Suwilanji aliandika kurasa mbili bila kuinua kichwa. Kisha alitamka kwamba katika miaka ishirini ya ukaguzi hajawahi kuona sheria ikimkamata mwenyewe aliyeitunga. Kwamba ofisi hii ina ofisa wa kweli. Na kwamba atamthibitisha leo hii, hapahapa. Ba Chiti, miguu ikiwa kwenye tope, akanyoosha mkono wa shukrani. Mkono wa mkaguzi ukapita kando yake, ukaenda kumpongeza Musonda.

Ofisa Musonda alitoa amri yake ya kwanza papo hapo: nyasi zifyekwe, geti lifunguliwe. Pierrette akabeba beseni lake, akaingia. Ikabaki filimbi, ambayo sasa haikuwa na mtu.

"Kazi hii inataka mwenye uzoefu," Musonda alisema kwa upole, akimnyooshea filimbi bosi wake wa jana. "Kwa kuanzia, bwana, mtakuwa kaimu."