Chini ya Paa Moja na Mama Mkwe

Jumatatu, 22 Aprili 1974

Nina hasira. Naliandika hilo kwanza, mengine yatafuata.

Rhoda kaondoka leo. Kapata kazi kwa Mhindi muuza vitambaa, kulea watoto wawili. Wawili! Hapa alikuwa anaosha, analisha na kuvalisha watu kumi na mmoja. Mwenzake aliondoka mwezi uliopita kwenda kuuza samaki. Sasa mhudumu ni Milka peke yake.

Wapita njia wa barabara ya Mamboleo huita makao yetu nyumba ya wazimu. Nimeshagombana na wengi kwa neno hilo. Hapa hakuna mwendawazimu. Kuna watu wazima waliozaliwa na akili inayokwenda polepole, basi. Wendawazimu wako kwenye kamati. Kamati imenunua geti la chuma lenye herufi za rangi ya dhahabu! Nimemwuliza mwenyekiti, Bwana Kangethe, yule mwenye duka la mabati na misumari Kondele, kama geti litamwosha mtu miguu. Akajibu kwamba wafadhili wakija huona geti kwanza. Nikafunga mlango kwa kishindo. Kitasa kikabaki mkononi.

Na Jumatatu ijayo anakuja Bi. Waithira wa ofisi ya ustawi wa jamii. Alishasema waziwazi. Usiku lazima walale ndani ya nyumba watu wawili, msimamizi na mhudumu mwanamke. La sivyo makao yanafungwa na kila mtu anarudishwa kwao. Msimamizi ni mimi, Walter Obiero. Mhudumu ni Milka. Mambo sawa.

Jioni Milka akaja kuniambia kwamba anaondoka mwisho wa wiki. Kuna kazi ya wodini upande wa Kombewa.

Jumanne, 23 Aprili

Nimemfikiria Perez mchana kutwa. Perez ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, mrefu kunishinda, na hanipendi. Hali chakula ila kwa mkono wa Milka. Makao yakifungwa atarudi Seme kwa kaka yake Nicodemus. Huyo Nicodemus, kila akienda shambani, alikuwa anamfunga dada yake mguu kwenye nguzo ya jikoni. Kovu la kamba liko mpaka leo, nimeliona kwa macho yangu. Mtu mzima! Kama mbuzi! Nimeapa mbele ya Perez mwenyewe kwamba nikiwa hai hafungwi tena. Akanirushia kikombe cha bati.

Nimemwuliza Milka anataka nini ili abaki. Akasema siku moja ya kupumzika kila wiki, na mwanamke mwingine wa kumpokea. Hajaingia kanisani tangu Krismasi. Mambo madogo hayo, visingizio tu! Mimi nikampa kitu kikubwa, cheo cha Matroni Mkuu. Akauliza matroni mdogo ni nani. Nikamwambia asiwe na kiburi.

Ndipo wazo likanijia, nikiwa nakoroga uji. Mfanyakazi huondoka, ndugu haondoki. Milka ana binti, Adero, fundi cherehani pale Kondele, hajaolewa. Mimi ni kapera wa miaka thelathini na minane, nina kazi na kitanda cha chuma. Nikimchumbia Adero, Milka anakuwa mama mkwe wangu. Atamkimbiaje mkwewe na kumwacha na watu kumi na mmoja? Ataona haya! Atabaki hapa mpaka azeeke.

Akili ya namna hii haipatikani kwenye kamati. Uji uliungua.

Jumatano, 24 Aprili

Mjomba Zachariah amekubali kuwa mshenga. Aliniuliza mara tatu kama nina hakika na ninalolifanya. Nikamwambia Mzee, mimi si mtoto. Akaomba nauli na sigara.

Nimeuza baiskeli kwa ajili ya ayie. Hiyo ndiyo pesa anayopewa mama wa binti ili aseme amekubali. Mjomba kaniuliza kama Adero mwenyewe amekubali. Kila kitu na wakati wake. Sasa hivi ninayemhitaji ni mama yake.

Ijumaa, 26 Aprili

Ayie imepokewa! Milka amekubali! Mjomba anasema alitabasamu sana, akauliza mara mbili kama aliyetuma maneno ni Walter huyu huyu wa makao, kisha akapokea kwa mikono miwili. Wa wodini Kombewa watafute mwingine. Nimeimba nikiwa bafuni.

Baadaye, siku hiyo hiyo. Nimeacha kuimba.

Jioni nimemwona Milka akitoka na godoro kichwani, anapita nyuma ya banda la kuku. Nikamwita. Akageuza uso na kujibanza nyuma ya mgomba! Mwanamke aliyenifokea juzi kwa sababu ya sabuni, leo anajificha! Nilikuwa nimesimama kwenye njia ya kwenda getini. Nikasikia sauti ikitoka mgombani, inamtuma Perez amwombe mkwe wake kwa heshima zote asogee kidogo, mama apate kupita. Perez akaja mpaka puani mwangu.

“Ondoka,” akasema.

Mjomba ndiye aliyenieleza, akicheka mpaka akakaa chini. Mtu na mama mkwe wake hawalali chini ya paa moja. Hawali pamoja. Hawashikani mikono, hawaketi wakitazamana, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Kuanzia ayie ilipopokewa Milka hana ruhusa kulala katika nyumba hii maadamu nalala mimi. Na mimi sharti nilale humu, ndiyo kazi yangu!

Nilikulia kwenye nyumba za reli, kila familia chumba kimoja. Hayo ningefunzwa na nani? Nikamwuliza Mjomba kwa nini hakuniambia.

“Mtu mzima na ndevu kama wewe,” akasema, “nani atakuambia usilale nyumba moja na mama ya bibi yako?”

Jumamosi, 27 Aprili

Siku mbaya kuliko zote. Niko peke yangu na watu kumi na mmoja. Mmoja anavaa viatu tu, mwingine anavua kila ninachomvalisha. Yule mzee wetu analia ukimwosha kichwa kabla ya miguu. Sikujua. Milka hakuniambia kamwe. Kwa nini hakuniambia? Kumbe aliniambia, mimi nilikuwa nashughulika na kamati.

Perez hakula asubuhi. Hakula mchana. Nilimpikia ugali na omena, nikambembeleza, nikaimba, nikapiga magoti. Akafumba mdomo, akageukia ukuta. Hapo niliogopa, sina haja ya kuficha.

Milka alikuja hadi uani na kuongea na kuku. Aliwaambia kuku kwamba mkwe wake akitoka nje, yeye ataingia ndani kwa muda. Basi nikatoka. Nimekaa nyuma ya choo na sahani yangu, mimi msimamizi, nikisikiliza Perez akila na kucheka ndani. Giza lilipoingia Milka akaenda zake kwa binamu yake Mamboleo. Mchana tunaweza kupokezana hivyo. Usiku je? Bi. Waithira anauliza habari za usiku!

Nimemrudia Mjomba nikitaka ayie irudishwe. Anasema hilo ni la wazee wa pande mbili kukaa na kuzungumza, na wazee watakaa baada ya mavuno. Mavuno! Mahindi yanafika kifundo cha mguu tu!

Nimeyarudia maneno ya desturi moja moja. Paa moja. Wamesema paa moja. Hawakusema nyumba moja.

Jumapili, 28 Aprili

Nimepanda juu na nyundo na koleo. Nimeng'oa mstari mzima wa mabati katikati ya nyumba, upande huu mpaka upande ule. Sasa kuna paa la mashariki na paa la magharibi, na mbingu katikati. Mapaa mawili! Milka atalala mashariki na wanawake, mimi magharibi na wanaume. Desturi imeheshimiwa na sheria imeheshimiwa.

Watu wa kanisani walisimama barabarani na vitabu vyao vya nyimbo kunitazama. Mmoja akauliza kwa sauti kama mimi ni mmojawapo wa wale wa humo ndani. Nikamwambia humo ndani hakuna mpumbavu wa kuuliza swali kama hilo. Nikateleza, nikamaliza sentensi nikiwa juu ya mti wa mapera.

Milka alikuja kukagua akiwa amejifunika kanga usoni. Aliliambia banda la kuku kwamba kweli mapaa ni mawili. Akaliuliza pia banda kama mkwe wake ameangalia ziwani. Nikageuka. Wingu lilikuwa limesimama juu ya ziwa, jeusi tii.

Mvua ya Aprili haibishi hodi. Maji yameingia koridoni, yamejaa mpaka kwenye magodoro. Nilikuwa nakimbia na ndoo huku na huku nikiamrisha watu wasogee, hakuna aliyenisikia. Perez ndiye aliyeburuta vitanda vya wenzake, kimoja kimoja, mpaka mahali pakavu. Changu alikiburuta pia. Alikiweka chini ya lile pengo.

Jumatatu, 29 Aprili

Wamekuja. Bi. Waithira na mwavuli, Bwana Kangethe na tai. Geti walilisifia. Kisha wakaona nyumba.

Bwana Kangethe alisahau wageni, akapiga kelele kwa Kikuyu, kisha kwa Kiswahili, kwamba mabati yale ni ya duka lake na misumari pia. Hakuuliza hata mara moja kama kuna mtu aliyelowa! Nilimwambia hivyo usoni. Kwa mara ya kwanza sauti ya Milka iliniunga mkono, kutoka nyuma ya tangi la maji.

Alisema mengi huko nyuma, na hakumtumia kuku yeyote. Alisema anaosha watu kumi na mmoja na hakuna anayemwuliza yeye ameoga lini. Geti limepakwa rangi mara mbili, na geti halinyi, halilii, halihitaji kulishwa. Alisema hakutaka kwenda Kombewa. Alitaka Jumapili yake na mtu wa kumpokea, aliomba kwa mdomo wake, akapewa cheo na mkwe.

Bi. Waithira, alipoelezwa habari ya paa moja, akauliza kama uchumba huu hauwezi kuvunjwa. Ndipo akafika Adero, tepu ya kupimia ikiwa shingoni, amemwacha mteja katikati ya kumpima kiuno. Alikuwa amesikia habari za ndoa yake dukani, kutoka kwa mnunuzi wa vifungo!

“Bwana Walter, mimi sikutaki,” akasema. “Na hujawahi hata kuniamkia.”

Lakini Milka akasema kukataa kwa binti ni jambo la binti. Ayie imepokewa, na mpaka wazee wairudishe yule ni mkwe wake na atamheshimu. Kwa hiyo sina mke. Mama mkwe ninaye.

Bi. Waithira alisema ni rahisi. Kati ya wawili hawa ambao hawawezi kulala pamoja, nyumba inamhitaji nani? Nikajitokeza mbele. Nikataja uzoefu wangu, uaminifu wangu, cheti changu cha huduma ya kwanza. Nilipokuwa bado nazungumza, Perez akapita na sanduku langu. Akalibeba kifuani mpaka nje ya lile geti la dhahabu, akaliweka chini taratibu, akafunga geti. Kisha akamfuata Milka nyuma ya tangi na kumshika mkono.

Nilitaka kusema kwamba yote haya niliyafanya kwa ajili ya Perez. Nikapangusa macho kwa mkono wa shati. Si machozi, ni hasira.

Alhamisi, 2 Mei

Naandika nikiwa kwenye chumba cha kupanga Kondele. Paa linavuja. Kitanda changu cha chuma kimebaki makaoni, anakilalia Milka, anasema godoro lake liliharibiwa na mvua.

Makao hayafungwi. Milka ndiye msimamizi. Mabati yamerudishwa, na Bwana Kangethe analitazama kila shimo la msumari na kuugua. Mimi nimeachiwa kazi za mchana, uani tu, na kutafuta na kuwapangia wahudumu zamu zao. Maagizo ya Milka nayapata kupitia kuku.

Mhudumu wa pili nimeshampata mwenyewe, tena mzuri ajabu! Anaitwa Gakenia, mjane, mikono yake ina utulivu. Perez amepokea uji kwake jana, vijiko viwili kisha bakuli zima. Nilichungulia dirishani. Sijawahi kufurahi namna hiyo, na Perez aliponiona akanitemea mate.

Huyu Gakenia hatakiwi kuondoka kamwe. Akiondoka, Bi. Waithira atarudi kuuliza habari za usiku, na Nicodemus bado ana kamba yake kule Seme. Leo Gakenia ameniuliza siku yake ya kupumzika ni ipi. Wameanza! Nimemwambia awe na subira, kuna jambo kubwa zaidi ninamtayarishia.

Ana dada mdogo aitwaye Wangu, anauza mboga sokoni, hajaolewa. Nimeuliza kila mahali safari hii, mimi si mtu wa kurudia makosa. Hakuna desturi yoyote, ya kwetu wala ya kwao, inayokataza mtu kulala chini ya paa moja na shemeji yake. Mjomba Zachariah anaondoka kesho asubuhi.