Ekstensheni Niliyoipima kwa Mkono

Leo nimevuliwa nguo mbele ya mama mkwe. (Nguo ninazo, tulieni.)

Mnaonijua hapa Katoro mnajua kazi yangu ni kununua dhahabu za wachimbaji wadogo. Kitu kikiniingia mkononi, nimeshajua uzito wake kabla ya mizani. Ndivyo ninavyojisifu kila siku, nisameheni.

Sasa, mama mkwe alifika jana kutoka Kishapu. Amekuja kumchukua mke wangu, Kabula, akajifungulie kwao. Mimba ina miezi minane. "Nyumba za huko machimboni siziamini, nasikia zinaungua kwa umeme," alishasema kwenye simu. Mimi sitaki Kabula aondoke. Nataka mtoto akilia mara ya kwanza, niwe mlangoni. Basi leo nikaamua kumwonyesha mama kwamba hapa anaishi mtu makini.

Nikaenda sokoni kununua ekstensheni mpya. Nikazipima mkononi moja moja, nikachukua nzito kuliko zote. Muuzaji akanipamba: "Bosi, wewe unajua mali!" Kichwa kikavimba.

Nikarudi nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Nikamkabidhi kwa mikono miwili, nimesimama mbali kidogo kama heshima ya mkwe inavyotaka. "Mama, hebu sikia huo uzito. Hii haiungui!"

(Nani alinituma kusema?)

Nikachomeka birika la umeme. Maji hata hayajapata moto, paa! Moshi. Harufu ya plastiki nyumba nzima.

"Zima umeme, we mwanaume!" Kabula akapiga kelele.

Nikakimbilia swichi kubwa, nikazima. Nikarudi kuchomoa plagi. Haitoki! Nikavuta kwa nguvu zangu zote, ikaja na uso mzima wa ekstensheni, na mchanga ukamwagika miguuni pa mama. Mchanga, jamani! Ndani mlikuwa na vibati vyembamba kama vya kopo la maziwa. Kwingine kote mchanga mtupu.

Mama akainama, akachota kidogo, akausugua kwa vidole.

"Huu hata sisi huko kwetu kuna wanaoutia kwenye pamba ili iwe nzito," akasema taratibu. "Lakini wanunuzi wetu huzamisha mkono mpaka katikati ya gunia. Na wewe ndiye unayepima dhahabu za watu?"

Akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Kabula naye kashika tumbo: "Mama, acha, nitazaa leo!" Mimi nimesimama na plagi yangu mkononi, machozi yananilenga.

Mama akajifuta macho, akaniita "ng'wanone", yaani mwanangu kwa Kisukuma. Tangu nioe hajawahi kuniita hivyo.

"Ng'wanone, nilikuja kumchukua mmoja. Naona humu wa kuangaliwa ni wawili. Nitakaa hapa hapa mpaka mtoto azaliwe. Haya, nitafutie mkaa tuchemshe hiyo chai."

Anayetaka kucheka acheke. Kabula haondoki.